Njiwa wa Sarakasi Walioshuka kwa Ng'ombe

Olbalbal,
4 Aprili 1983

Mjomba Kornelio,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila maji ni ya kugombea na vumbi limeingia mpaka kwenye makopo ya chaki. Sasa niseme lililonikalisha chini niandike: njiwa ulionikabidhi Krismasi ni wahuni.

Samahani kwa neno hilo, lakini sina jingine. Ninawafungulia saa kumi jioni, vipindi vikiisha. Wanapanda wote saba pamoja, wanaanza kujipindua kinyumenyume, mara tatu, mara nne, mpaka walimu wenzangu wanatoka ofisini kutazama. Halafu ghafla wanne wanaacha sarakasi, wanakunja mbawa na kushuka. Na si bandani kwangu! Wanashuka bondeni, katikati ya ng'ombe wa mama mmoja mjane anayeitwa Naishorua, ambaye hupita hapa kila jioni akitoka kunywesha. Huko wanatembea kati ya kwato na kudonoa mavi. Wakirudi kwangu wameshiba, hawataki hata kuniangalia. Jana mwalimu mkuu ameniuliza mbele ya watu kama ninafuga njiwa au kunguru.

Watatu waliobaki ndio wenye adabu. Hao hawashuki hovyo. Wanazunguka juu mpaka jua linakaribia kuzama, ndipo wanaingia bandani kulala.

Niambie la kufanya, mjomba, kabla sijawa kichekesho cha Olbalbal nzima.

Mpwa wako,
Patrisi

* * *

Endabash,
17 Aprili 1983

Patrisi,

Salamu utazipata mwisho, kama nitakuwa nimepoa.

Wahuni? Njiwa wangu? Yule Mzungu wa shamba la kahawa alipofunga mizigo yake mwaka sabini na mbili aliniachia jozi tatu na banda lenye tundu. Nikawalea miaka kumi na moja, mimi ambaye nimejifunza kusoma kwenye kisomo nikiwa na mvi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutua kwenye mavi ya ng'ombe. Wewe umekaa nao miezi mitatu tu, mwalimu mzima mwenye cheti, tayari wanadonoa mavi! Sasa mhuni ni nani hapo?

Sikiliza. Unawashibisha, ndiyo maana. Njiwa mchanga aliyeshiba ni mtoto wa tajiri, hamsikilizi mtu. Punguza chakula nusu. Mtama konzi moja kwa wote saba, jioni tu, baada ya kuruka, si kabla. Kabla ya kumwaga, piga mluzi niliokufundisha: miwili mirefu inayopanda, kisha mmoja mfupi wa kukata. Kila siku huo huo, usiubadilishe. Njiwa lazima ajue kwamba mluzi ni chakula na chakula kiko bandani. Anayekaa juu ya paa, mfukuze kwa fimbo ndefu yenye kitambaa. Siku ya upepo mkali usiwafungulie kabisa. Na usiwaache wakaonja chakula cha mahali pengine, maana njiwa mchanga akishajifunza njia mbaya anawafundisha wenzake.

Hao watatu wa adabu ndio damu yangu halisi. Watunze.

Haya, salamu. Mke wangu Sara anakusalimu, yeye hana hasira na wewe.

Mjomba wako,
Kornelio

* * *

Olbalbal,
9 Mei 1983

Mjomba,

Shikamoo. Nimefuata maneno yako yote, na mambo yameharibika zaidi.

Nimewanyima chakula mpaka mimi mwenyewe naona aibu kuwatazama machoni. Nimepiga mluzi mpaka midomo imepasuka. Basi sasa wale wanne hawajipindui hata mara mbili. Wakiwa juu tu, kundi la ng'ombe likitokea kule kona, wanaanguka moja kwa moja. Zamani walikuwa wanatembea kwenda kwenye uhuni, siku hizi wanakimbia! Ukiwa na njaa hivyo, nadhani hata mimi ningewafuata ng'ombe.

Nikaona hapana, huyu mama ana jambo. Nikamfuata.

"Yeyo," nikamwambia, yaani mama kwa Kimasai, kwa heshima maana ni mtu mzima, "unawapa nini njiwa wangu?"

Akanitazama kuanzia viatu. "Mimi?"

"Unawatupia nafaka."

"Mwalimu," akasema, "mwaka huu mimi mwenyewe nakula unga wa mahindi ya njano ya serikali. Nimwagie ndege?"

"Sasa kwa nini wanakuja kwako?"

"Waulize wao. Wewe si ndiye unayefundisha kusoma?"

Wachungaji wenzake wakacheka mpaka wakaegemea fimbo. Nimerudi nyumbani na hasira. Mjomba, yule mama anawavuta, nina hakika. Ila sijui anawavutaje.

Patrisi

* * *

Endabash,
23 Mei 1983

Patrisi,

Nimesoma barua yako nimesimama, kwa sababu nilishindwa kukaa.

Anawavutaje? Hilo si la kuuliza! Mtu mwenye mfuko wa mtama chini ya shuka halafu anajifanya hajui. Nchi nzima sasa hivi inawasaka wahujumu uchumi, na huyo ni mhujumu kama wengine, tofauti ni kwamba yeye anahujumu njiwa. Mpeleke kwenye baraza la kijiji. Wasomee barua hii ukitaka, nami nasimamia kila neno: huyo mama ni mwizi na mhujumu.

Na wale wanne, mpwa wangu, wachinje. Nasema hivyo na moyo wangu unauma, lakini ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha. Njiwa anayeacha kundi mara tatu haponi. Ukimwonea huruma atawaambukiza wale watatu wazuri, nawe utabaki huna kitu. Usiwauze, usiwape watu wakaja kuwazalisha ujinga huo. Chinja, pika, maliza. Nataka hao watatu tu, damu safi.

Ningekuja mwenyewe, lakini magoti hayataki safari ya lori.

Mjomba wako,
Kornelio

* * *

Endabash,
2 Juni 1983

Patrisi,

Usichinje.

Ukipata karatasi hii kabla ya ile nyingine, ile nyingine itupe motoni bila kuisoma. Ukiwa umeshaisoma, iache. Usiguse njiwa hata mmoja, mwenye adabu au asiye na adabu. Wape chakula, waache watue wanakotaka, watue hata kichwani kwa mwalimu mkuu.

Usiniulize sababu. Nijibu haraka, kwa mkono wa dereva huyu huyu, Meitamei.

Kornelio

* * *

Olbalbal,
11 Juni 1983

Mjomba,

Barua yako ya tarehe mbili nimeipata jana. Meitamei gari lilimharibikia kule juu kwenye ukungu, akakaa nayo mfukoni siku saba. Ile ya kwanza ilinifikia Ijumaa ya tarehe tatu, na jioni ile ile nilifanya ulivyoagiza. Wanne. Imekwisha.

Sasa unaniambia usichinje. Usichinje! Ungeanza na hilo.

Na bado sijafika kwenye lenye kuniumiza. Jumatatu nilimpeleka mama Naishorua barazani, kama ulivyotaka. Nikasimama mbele ya mwenyekiti na wazee wote nikaisoma barua yako, neno kwa neno, "mwizi na mhujumu." Wewe unajua siku hizi neno hilo linampeleka mtu wapi. Mama yule hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mwalimu, hao ndege wako huwa unawaitaje?"

Nikasema kwa mluzi.

"Upige tuusikie."

Nikapiga. Miwili mirefu inayopanda, mmoja mfupi wa kukata.

Mjomba, ng'ombe wake walikuwa wamesimama ng'ambo ya korongo. Wote wakainua vichwa. Kisha wakaja. Waliingia barazani wakapita katikati ya wazee, mmoja akaangusha kiti cha mwenyekiti, na dume kubwa likaja kunisimamia mimi hapa mbele, likinisubiri niliongoze nyumbani. Huo ndio mluzi wao wa kurudi bomani! Wachungaji wa huku wanaupiga kila jioni, na mimi nimeishi hapa miaka minne siusikii tena, kama mtu asiyesikia upepo.

Umeelewa? Wale wanne hawakuwa wahuni. Walifundishwa kwamba mluzi ni chakula, wakausikia mluzi, wakashuka. Kadiri nilivyowanyima ndivyo walivyozidi kutii. Na wale watatu tunaowaita damu safi ni viziwi wa makusudi, hawajawahi kumsikiliza mtu tangu nimewapata. Nimechinja watiifu nikabakiza wajeuri, na cheti changu kiko ukutani!

Nimemwomba yule mama radhi pale pale, nimesimama kwenye mavi ya ng'ombe wake. Amesema amenisikia. Hakusema amenisamehe.

Mluzi ule uliutoa wapi, mjomba? Na kwa nini ulinituma kuwaua, halafu ukageuka?

Patrisi

* * *

Endabash,
26 Juni 1983

Patrisi,

Umeuliza, nakujibu.

Mluzi niliutoa kwa Senteu. Alikuwa Mmasai mmoja aliyechunga ng'ombe wa maziwa pale shambani kwa Mzungu. Nilipopewa njiwa sikujua kuwaita, nami nilikuwa namsikia kila jioni akiita ng'ombe wake, wanakuja wote. Nikasema mluzi wenye nguvu hivyo ndio ninaoutaka. Huku Endabash sisi hatuwaiti ng'ombe kwa mluzi huo, kwa hiyo haukunipa taabu miaka yote. Sikufikiri hata siku moja kwamba nakutuma nao kwa wenyewe.

La pili. Mwisho wa Mei ugonjwa wa kideri uliingia kwa kuku wa jirani yangu Scholastika. Jumatano kuku wake wakaanza kupinda shingo. Jumamosi njiwa wangu wa kwanza akashindwa kusimama. Kufika Alhamisi ya tarehe mbili walikuwa wamekufa wote kumi na wanne, pamoja na ile jozi ya mwisho niliyoachiwa na Mzungu, mazee mawili yasiyoona vizuri. Nilikuandikia siku hiyo hiyo nikiwa nimewapanga chini kwenye gunia.

Sikukwambia kwa sababu niliona aibu. Mimi niliyekutukana kwamba hujui kufuga, banda langu limekuwa tupu. Hiyo ndiyo sababu, haina nyingine. Basi, umenivua nguo, umefurahi?

Najua ni mimi niliyesema chinja. Usinikumbushe tena. Lakini na wewe, mtu mwenye macho mawili, ulishindwa vipi kusikia mluzi wako mwenyewe ukipigwa nje ya dirisha lako miezi mitano?

Nirudishie hao watatu. Viziwi au si viziwi, ndio waliobaki duniani kwa ninavyojua. Nimelichoma banda la zamani, nimejenga jipya upande wa pili wa nyumba.

Kornelio

* * *

Olbalbal,
3 Julai 1983

Mjomba,

Pole sana. Nimesoma mara tatu. Ungeniambia mapema nisingekucheka, unajua hivyo.

Watatu wako kwenye boksi la sabuni lenye matundu. Meitamei ameapa hatawaweka karibu na mafuta. Usiwafungulie mpaka wazoee, wiki mbili angalau. Na usipige mluzi, hawatausikia.

Patrisi

* * *

Endabash,
24 Julai 1983

Patrisi,

Niliwafungia siku kumi na nne kamili. Niliwapa mtama mkononi. Sara aliniambia niongeze wiki, nikamwambia njiwa wangu nawajua mimi.

Jana asubuhi nilifungua. Wakapanda. Walijipindua mara sita kila mmoja, sikudanganyi, wakishuka wakiinuka juu ya shamba la mahindi, majirani wote shingo juu. Nikasema moyoni, haya ndiyo maisha. Kisha wakashika njia ya Baray. Nikapiga mluzi. Nikapiga tena. Wakaendelea kama hawajawahi kuniona. Nimekaa nje mpaka Sara akanivuta mkono, na leo hawajarudi. Mtu aliyetoka sokoni anasema hakuna aliyewaona.

Damu safi! Niliandika hivyo kwa mkono wangu huu.

Basi imekwisha. Miaka kumi na moja imekwisha. Ukiniandikia, niandikie habari za mvua, za mtihani, za mchumba ukipata. Habari za njiwa usiniandikie tena.

Kornelio

* * *

Olbalbal,
19 Septemba 1983

Kwa Mzee Kornelio, Endabash,

Barua hii anaiandika Eunike, muuguzi wa zahanati, lakini maneno ni yangu mimi, Naishorua. Nimemwambia asipunguze makali, naye amekubali.

Mimi ndiye mwizi wako na mhujumu wako. Hujawahi kuniona. Hujui nimezika mume, hujui nimelea watoto watano kwa ng'ombe hao hao, hujui hata sura yangu. Lakini ulikaa huko kwenu na kalamu ukanipa jina ambalo mwaka huu watu wanachukuliwa nalo usiku. Barua yako ilisomwa kwa sauti mbele ya mwenyekiti, mbele ya shemeji zangu, mbele ya wanaume wanaonitamania malisho. Wiki tatu nzima kila gari lililosimama njiani nilidhani limekuja kunichukua. Kwa ajili ya ndege! Mzee mzima, huoni haya?

Mpwa wako ameniomba radhi. Tena mwezi wa nane alikuja kukaa mlangoni kwangu, akanieleza kwamba ndege wa ukoo huo wamekwisha wote na wewe humwandikii tena ila habari za mvua. Alikuwa karibu kulia, mwalimu yule. Nikamwacha aende. Nilikuwa na neno la kumwambia, nikalimeza, maana hasira yangu ilikuwa bado mbichi.

Sasa nalisema. Mpwa wako alikudanganya. Hakuchinja wanne, alichinja wawili. Alipomshika wa tatu mlango ulikuwa wazi, na wote wawili wakamponyoka. Akaona aibu kukwambia, na mwenyewe alidhani kipanga amekwisha kuwala. Nimemuuliza juzi, amekiri. Ukitaka kumgombeza mgombeze, lakini mimi naona kosa lile ndilo jambo pekee la maana mlilofanya nyinyi wawili mwaka huu.

Hawakurudi kwake, na wangerudi kufanya nini? Walifuata ng'ombe. Kuna josho la kuogeshea ng'ombe huku lililokosa dawa tangu mwaka juzi, lina paa la bati na boriti. Wanalala hapo. Jioni nikipiga mluzi wanashuka, wanatembea na ndama mpaka bomani, wanaokota mbegu, kisha wanarudi kwenye boriti. Mmoja ana mkia mweupe. Huyo akipanda hujipindua mara saba, nane, na mara moja nilihesabu kumi. Ng'ombe wanaendelea kula majani, hawana habari. Mimi peke yangu ndiye ninayetazama.

Wiki iliyopita nilipanda kuangalia kwa nini huyo wa mkia mweupe hashuki tena. Kuna makinda mawili. Ni mabaya kwa sura, hayana manyoya, midomo mikubwa kuliko vichwa.

Sitamruhusu mwalimu kuwagusa. Sitawatia kwenye boksi la sabuni. Unawataka, utakuja mwenyewe, na magoti yako. Ulinitukana mbele ya baraza, utaniomba radhi mbele ya baraza, kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Tunakaa kila Jumatatu. Ukishasema, nitakusindikiza mpaka joshoni, nawe utachagua wa kuchukua. Usipokuja watabaki hapa na watakuwa wa ng'ombe zangu.

Naishorua
(dole gumba langu hapo chini)

* * *

Endabash,
28 Septemba 1983

Mama Naishorua,

Nimepata barua yako leo saa nne asubuhi. Nimeisoma kwa Sara kwa sauti, nikafika pale pa makinda nikashindwa kuendelea, akaimalizia yeye.

Nakuja Jumatatu. Meitamei amekubali kunikalisha mbele. Barua hii ninampa anayetangulia kesho, ili msianze baraza bila mimi. Kama itachelewa tena, basi nitaikuta huko nami nitaisoma mwenyewe.

Tafadhali usipande tena kuangalia kwenye kiota. Na yule wa mkia mweupe, kama hashuki, mwekee mtama pale pale kwenye boriti, kidogo tu, pamoja na maji. Hapana, samahani. Umewatunza miezi mitatu bila mimi. Fanya unavyojua.

Maneno ya kusema nimeyaandaa. Nitasema hivi: "Mimi ni Kornelio wa Endabash. Mama huyu nilimwita mwizi na mhujumu bila kumjua. Yalikuwa maneno ya uongo, na ni mimi niliyeyaandika, si mwalimu. Ninaomba radhi." Nimejizoeza mbele ya Sara tangu mchana, nimerudia labda mara kumi. Anasema bado ninasikika kama ninagomba. Nimejaribu kushusha sauti, haishuki. Utanivumilia, mama. Sina sauti nyingine.

Kornelio